Nalijua, Kumbe Sivyo



Wasomaji wetu watatuwia radhi kwa kuanza na khabari ya bucha. Katika mtaa mmoja wa mji wetu yuko muuza nyama ambaye hatutamtaja, kwani yaliyompata yamemtosha. Yalizuka maneno kwamba nyama yake haikuchinjwa kwa sharia. Maneno yakatoka barazani yakaingia majumbani, na kwa simu hizi za mkononi yakawafikia hata jamaa zetu walioko Bara Arabu. Kila aliyeulizwa alijibu neno moja: "Kila mtu ajua." Wateja wakamhama. Baada ya majuma kadha wazee wawili wa mtaa walikwenda wakauliza kwa utaratibu. Walimwendea aliyesema, kisha aliyemwambia, kisha aliyemwambia huyo, hata wakafika kwa mtu wa kwanza. Naye alichokiona ni gari lililoshusha nyama usiku, basi. Wakaenda machinjioni, wakamkuta mchinjaji ni Muislamu wamjuaye, na nyama ni halali tangu siku ya kwanza.

Mambo haya yalizungumzwa katika darsa yetu. Mzee mmoja akawauliza waliokuwapo, na baadhi yao walikuwa katika waliosema: "Mlijuaje jambo lisilokuwa?" Watu wakanyamaza. Kijana mmoja, msomi wa Kiingereza, ambaye twampenda kwa adabu zake na kwa kutoogopa kuuliza, akajibu: "Niwie radhi, mzee wangu. Kwa Kiingereza hilo lawezekana. Waingereza husema, na hapana awachekaye, ya kwamba zamani kila mtu alijua vidonda vya tumbo huletwa na dhiki za moyo, mpaka madaktari wawili wa Australia walipothubutisha kuwa huletwa na kijidudu. Basi watu walijua, na walichokijua hakikuwa kweli. Huenda elimu si kitu ila yale ambayo watu wote wameshikamana nayo."

Darsa ilikwisha kwa adhana ya Isha bila ya jibu lililotutosha. Tumeahidi kuliandika.

Si jambo dogo. Vijana wetu wengi leo waisoma dini yao kwa Kiingereza. Kila penye neno la elimu wao wakuta 'knowledge', na kila penye kujua wakuta kitenzi hicho hicho, 'know'. Katika Surat Muhammad, aya ya 19, Mtume ameamrishwa ajue kwamba hapana mungu ila Allah. Hakuambiwa adhani, wala hakuambiwa ashike waliyoyashika watu. Lau kujua kungekuwa ni kushikamana kwa watu juu ya neno, basi Makureshi nao walijua, kwa kuwa walishikamana juu ya masanamu yao kuliko sisi tunavyoshikamana juu ya jambo lolote. Huko ndiko maneno ya kijana wetu yanakotufikisha, na twajua kwamba yeye mwenyewe hakukusudia kufika huko.

Khabari aliyoitaja ni ya kweli. Mwaka 1979 Robin Warren, daktari wa maabara katika mji wa Perth, aliona vijidudu katika vipande vya nyama ya ndani ya matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1981 alijiunga naye daktari kijana, Barry Marshall. Wenzao wengi hawakuwasadiki, kwa kuwa ilikuwa imeshikiliwa kwamba hapana kijidudu kiwezacho kuishi katika ukali wa tumbo. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa vijidudu wale yeye mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likafanya uvimbe wa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Leo vidonda vingi vya namna hiyo hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, ingawa kwetu lawama bado yabebwa na pilipili.

Wala sentensi ya kijana wetu haikutoka hewani. Mwanafalsafa Allan Hazlett, katika makala yake ya mwaka 2010, alitoa mfano wa namna hiyo, akashikilia kwamba katika usemi wa kila siku kitenzi cha kujua hakimlazimishi msemaji kuwa akijuacho ni kweli. Kwa hivyo hatusemi kijana amepotoka. Amechukua hoja ya wenyewe, nayo yafaa ijibiwe kwa kuyapima matumizi yenyewe.

Mwenye kukisikiliza Kiingereza cha sokoni na cha nyumbani ataona kwamba 'know' ni neno lililochoshwa kwa kazi. Mtu husema 'you know' kila baada ya maneno matatu, na maana yake ni kama sisi tunaposema "waona", yaani hapana maana. Mwingine huambiwa "joto limezidi leo", akajibu 'I know', wala hakukusudia kutoa khabari ya elimu yake, amekubali tu. Huambiwa "twende", naye hataki na hataki kukataa, akasema 'I don't know'. Timu yake ikishindwa hupiga paja akasema 'I knew it', na kabla ya mchezo alikuwa ameweka matumaini yake yote juu yao. Haya hayatudhuru. Lugha yoyote hufanya hivi, na mwenye kuyatoa maneno haya katika falsafa atakuwa kama mtu aliyetaka kujua maana ya salamu kwa kupima afya ya wanaosalimiana.

Lililo gumu ni lile la wakati uliopita: "Kila mtu alijua." Na hapa hatuna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa Kiswahili chetu chasema vivyo hivyo. Mtu humkuta sahibu yake njiani, naye alimdhania yuko Dubai, akamwambia: "Ah! Nalijua umesafiri, kumbe upo!" Hapana amwitaye mwongo. Basi sisi nasi twajua mambo yasiyokuwa?

Litazameni neno "kumbe". Hilo ndilo lililobeba mzigo wa sentensi nzima. Mtu amesema "nalijua" kwa ulimi wa jana, na papo hapo "kumbe" hulitengua kwa ulimi wa leo. Aliondoe, aseme: "Nalijua umesafiri, na hukusafiri," na msikiaji atabaki akingojea neno lije, au atadhani mwenzake amechanganyikiwa. Ni kama msimulizi wa hadithi asemavyo kwamba jini likawa mbele ya mlango: hasemi kwamba jini lilikuwapo, ayasema kwa macho ya yule mwenye kuogopa. Waingereza hawana neno moja zuri kama "kumbe" letu, lakini kazi hiyo hiyo wao huifanya kwa mkazo wa sauti, na kwa yale yafuatayo: "mpaka madaktari wawili walipothubutisha." Sentensi ya vidonda haisimami bila ya mkia wake.

Tupime kwa njia nyingine. Twaweza kusema: "Fulani adhani duka limefungwa, nalo halikufungwa." Maneno sawa. Sasa tuseme: "Fulani ajua duka limefungwa, nalo halikufungwa." Hapana Mswahili asemaye hivi, wala Mwingereza. Lau kitenzi hiki hakikudai ukweli, sentensi ya pili ingekuwa nyepesi kama ya kwanza. Tena kuna mtihani ambao kila mmoja wetu aweza kuufanya. Mwulize yule aliyesema "nalijua umesafiri": Je, ulijua au ulidhani? Atacheka, aseme: "Nalidhani." Atalirudisha neno kama mtu arudishavyo kanzu aliyoazima. Na katika khabari ya bucha, alipouliza mzee swali lake, watu walinyamaza. Lau kujua kungekuwa ni kushikamana tu, wangalikuwa na jibu.

Katika wanafalsafa wa Kiingereza aliyekisikiliza kitenzi hiki kwa makini ni J. L. Austin wa Oxford, aliyefariki mwaka 1960. Katika makala yake ya mwaka 1946 alionyesha jambo ambalo sote twalifanya bila ya kuliona. Mtu akisema ajua, Mwingereza humwuliza: umejuaje? Akisema aamini, humwuliza: kwa nini waamini? Wala maswali haya mawili hayabadilishani mahali. Kwetu ni vivyo hivyo. "Umejuaje?" ni swali la kawaida, na "kwa nini wadhani?" ni swali la kawaida, lakini "kwa nini wajua?" lakwaruza sikio. Kwa nini basi? Kwa sababu mwenye kudhani hutoa sababu, na sababu yaweza kuwa nzuri na jambo likawa baya. Mwenye kujua huulizwa njia: umepita wapi ukalifikia? Ulikuwapo? Uliona kwa jicho lako? Umelipokea kwa nani?

Austin akasema tena kwamba kusema "najua" kunafanana na kusema "naahidi". Mwenye kusema "nadhani nyama hii si halali" amenipa khabari za moyo wake, na akikosea amekosea. Mwenye kusema "najua" amenipa neno lake nilitegemee. Amenambia: sema wewe nawe, tenda wewe nawe, mdhamini ni mimi. Hapo akikosea nina haki ya kumshika. Twaona maneno haya ni mazuri, na yamekaribia sana kiini cha khabari yetu, ila mfano wake una upungufu mmoja. Asemaye "naahidi" ameshaahidi kwa kusema kwake, hata kama moyoni hana nia ya kutimiza. Asemaye "najua" hakujua kwa kusema. Yeye huahidi kwa mali ambayo huenda hanayo.

Maulamaa wetu waliyapanga mambo haya zamani, na kwa maneno machache. Imamul Haramayn Al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, katika kitabu chake kidogo cha Waraqat ambacho wengi wetu tumekipitia kwa masheikh zetu, ameeleza kuwa elimu ni kukijua kitu kama kilivyo hasa, na ujinga ni kukiona kitu kinyume cha kilivyo. Kisha akaiweka dhana, nayo ni kuona mambo mawili yamkinika na moja lina nguvu kuliko la pili. Na shaka, ambapo yote mawili yamelingana. Kwa mizani hii wale wa "kila mtu ajua" hawakuwa hata na shaka, maana mwenye shaka hukaa kitako akauliza. Wao walikiona kitu kinyume cha kilivyo na wakijiona wajuzi. Wanazuoni huuita huo ujinga uliopandana juu ya ujinga: hajui, na hajui kwamba hajui.

Wala ukweli peke yake hautoshi. Bertrand Russell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1948, alitaja mtu aitazamaye saa iliyosimama, na kwa bahati akaitazama saa ile ile ambayo mishale imeikomea. Alichokiamini ni kweli, lakini hapana amwitaye mjuzi wa saa. Mwaka 1963 Edmund Gettier wa Marekani aliandika kurasa tatu tu zenye mifano ya jinsi hii, na wanafalsafa wa Kiingereza hawajapumzika nazo hata leo. Sisi Mashafii twalikuta jambo lililo jirani yake katika mlango wa nyakati za sala. Mwenye kusali bila ya kufanya juhudi ya kujua kama wakati umeingia, sala yake haikusihi, hata ikibainika kwamba wakati ulikuwa umeingia. Si sawa kabisa na mtu wa Russell, maana mwenye kutazama saa amefanya juhudi na hukumu yake ni nyingine. Lakini msingi ni mmoja: kulipata jambo kwa bahati si kulijua. Basi hata lau nyama ile ingalikuwa haramu, wale waliosema wasingekuwa wamejua. Wangekuwa wamebahatisha juu ya heshima ya mtu.

Hapa twataka kuingiza neno kwa ajili ya wasomao tafsiri. Kiarabu kina 'alima na 'arafa, na kina shu'uri na diraya, na mengi katika hayo Kiingereza huyamwaga katika chombo kimoja. Wanazuoni wamepambanua, wakasema Mwenyezi Mungu huitwa Alimu wala haitwi Arifu, kwa kuwa maarifa hutanguliwa na kutojua. Tofauti hii hupotea katika 'know'. Hatuwalaumu Waingereza, Kiswahili nacho humjua mtu, hujua njia na hujua kushona kwa neno hilo moja. Wajerumani wanayo mawili. Waingereza wa kale nao walikuwa na kitenzi cha pili, 'witan', kikafa, lakini kimeacha mtoto, naye ni neno lao la shahidi, 'witness'. Kwa asili ya lugha yao shahidi ni mwenye kujua. Kwa Kiarabu shahidi ni mwenye kuhudhuria. Ukiyaunganisha mawili haya utapata shahidi kamili.

Na mahakamani Waingereza hawacheki na kitenzi chao. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, iliyotoka katika mapokeo yao, yasema katika kifungu cha 63 kwamba ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja: jambo la kuonwa lisemwe na aliyeona, na la kusikiwa na aliyesikia. Mtu akipanda kizimbani akasema "kila mtu ajua" atasimamishwa kabla hajamaliza. Barazani hapana amsimamishaye.

Kuna jambo jingine walilolizungumza hao wanafalsafa, nalo twalipa uzito. Keith DeRose, mwaka 1992, alitoa mfano wa mtu na mkewe wapitao mbele ya benki siku ya Ijumaa, nao wataka kuweka fedha. Ikiwa hapana haraka, mume husema ajua kwamba benki hufunguliwa Jumamosi. Ikiwa fedha zisipoingia patakuwa na hasara kubwa, mume yule yule, kwa khabari zile zile, hulirudisha neno, akasema afadhali niingie niulize. Nyumbani kwetu ni vile vile. Mama auliza: "Wajua kwamba hii ndiyo dawa ya homa?" "Najua." "Basi tumpe mtoto?" "Ngoja nisome karatasi yake." Wengine wasema neno lenyewe hubadilika maana kila hasara inapozidi. Sisi twaona neno halikubadilika, ila kilichobadilika ni kusamehewa kwetu. Katika mazungumzo ya kupitisha jioni watu hutuachilia tuseme "najua" kwa deni. Inapokuja roho ya mtoto, au riziki ya mtu, hudaiwa papo hapo. Na mtu aliye tayari kuisoma karatasi ya dawa kwa ajili ya mwanawe, kisha akamvunjia mwenziwe duka bila ya kusoma chochote, hawezi kusema kwamba hakujua namna ya kuhakikisha.

Tena tusijitetee kwa "Wallahu aalam". Waingereza wana maneno yao, 'God knows', na aghalabu maana yake ni kwamba hapana ajuaye, na mara nyingi husemwa kwa kuchoka. Sisi maneno yetu tumeyarithi kwa mamufti, waliokuwa wakiyaandika mwisho wa fatwa baada ya kukesha juu ya vitabu. Siku hizi twayasikia mwisho wa masengenyo. Mtu humaliza kumla nyama ndugu yake, akajifuta mdomo, akasema: "Wallahu aalam." Kama Mungu ndiye ajuaye, na wewe wakiri hivyo, mbona ulisema?

Imebaki hoja moja, na kijana wetu aliileta mwenyewe alipotukuta njiani. Alisema: "Maalim, lakini sisi pia twakubali wingi wa watu. Mimi sijafika Makka, na najua kwamba Makka ipo. Nimejua kwa kuwa watu wote wasema. Na khabari ya mutawatiri kwetu huleta yakini." Ni hoja ya mwanafunzi mwema, na ndiyo iliyotufanya tuone kwamba swali lake halikuwa la ubishi.

Jibu letu ni kwamba maulamaa wa usuli hawakuukubali wingi wowote. Wameshurutisha kuwa wapokezi wawe wengi katika kila tabaka, kwa kiasi ambacho haiyumkiniki wakapatana juu ya uongo. Na wameshurutisha kuwa mwisho wa khabari uwe ni kuona au kusikia, si fikira. Waliotwambia khabari ya Makka ni wengi, na waliowaambia hao ni wengi, na wale wa mwanzo waliiona kwa macho yao. Sasa ipimeni khabari ya bucha. Mwishoni walikuwa watu mia na zaidi, na wengine wako ng'ambo. Rudini nyuma daraja moja, walikuwa kumi. Rudini tena, walikuwa watatu. Mwanzoni alikuwa mtu mmoja, naye aliona gari usiku. Nyama haikuwamo katika alichokiona, wala kisu, wala mchinjaji. Lililobaki alilitia kwa fikira yake, na wale mia hawakuongeza hata shahidi mmoja. Waliongeza sauti tu.

Kijana akatuuliza: na waliosema, wafanyeje? Tukamwambia kwamba hilo halina khitilafu kubwa: haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake, bali mwenye kudhulumiwa huendewa akatakwa radhi, na maneno husahihishwa pale pale yaliposemwa, hata kama ni kwa watu wale wale mia na kwa simu ile ile. Wale wazee wawili wameshakwenda, ingawa wao hawakuwa katika waliosema. Kijana wetu naye amekwenda, na mpaka tunapoandika haya waliomfuata ni wanne.